Kifungo cha Tatu cha Nahodha

Kabla hajaanza kumwomba Mungu ili yeye mwenyewe ashindwe, Fundi alikuwa mtu anayependa kushinda kuliko kula. Alibishana na redio. Alibishana na maelekezo yaliyobandikwa mgongoni mwa majokofu, akiyasoma kwa sauti kisha akiyajibu. Kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa, aliwahi kumnyooshea mkono mhubiri mgeni katikati ya mahubiri, kama mwanafunzi darasani, ili amrekebishe kuhusu umri wa Methusela. Alikuwa sahihi. Mkewe hakumsemesha njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, milango mibovu imeegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari, na harufu ya gesi na lehemu haikuisha humo hata sikukuu. Mtaani walimwita Mzee Barafu. Kwa muda mrefu alidhani wanamheshimu kwa ajili ya kazi yake. Baadaye sana ndipo alipojua kwamba jina lilitoka kwenye ubishi wake, na kwamba aliyelibuni alikuwa mkewe.

Ubishi wenyewe ulihusu tamthilia ya televisheni iliyoitwa *Meli Isiyotua*. Humo, meli kubwa inasafiri angani kutafuta dunia ya kutua, na haitui. Mwanzoni kabisa mke wa nahodha anaingia katika chumba kimoja mwisho wa ukumbi, mlango wa chuma unajifunga nyuma yake, na hakuna anayeweza kuufungua tena. Msimu baada ya msimu, watu wa melini wakapigana, wakaoana, wakasalitiana, na mlango ukabaki umefungwa. Kisha watengenezaji wakaishiwa na fedha, au na hamu, wakaikata tamthilia katikati kama mtu anayechana kitambaa kibovu. Watazamaji wakaachwa wima.

Hapo ndipo kila mtu alipojipa kazi ya kuimaliza mwenyewe. Kinyozi wa jirani alishikilia kwamba meli yote ilikuwa ndoto ya nahodha, na akishasema hivyo aliendelea kunyoa kwa amani. Fundi hakuwa na subira na ndoto. Yeye alikuwa na ushahidi.

"Tazameni pembeni mwa ule mlango, kwa nje," aliwaambia wateja, bisibisi mkononi. "Kuna barafu imetanda. Maana yake mpira wa mlango umechoka, baridi inavuja. Chumba kikivuja baridi kiasi hicho, humo ndani hakuna mtu. Kuna nyama. Yule mama alikufa siku ile ile alipoingia."

Wateja, ambao mboga zao zilikuwa zinaoza nyumbani, walikubali kila alichosema.

Mkewe hakukubali. Yeye alikuwa mshonaji, sare za shule zaidi, na cherehani yake ilikaa sebuleni ikiitazama televisheni. Waigizaji walisema lugha ya kigeni, na tafsiri ilipita chini ya picha kwa maandishi, mbio kuliko sindano. Huwezi kushona na kusoma kwa pamoja. Basi yeye aliacha kusoma, akawa anatazama nguo tu.

"Sijui wamesema nini," angesema, mguu ukikanyaga, "lakini yule kavaa shati la jana. Hakulala kwake."

Na mara nyingi ilikuwa kweli.

Ni yeye aliyekiona kifungo. Siku nahodha alipoupiga ule mlango kwa ngumi akilia, kifungo cha tatu cha koti lake kilikatika kikabingirika sakafuni. Vipindi vilivyofuata, mahali pake palining'inia uzi. Kisha siku moja kifungo kikarudi.

"Simamisha hapo," alimwambia mumewe. Picha ya diski ikasimama. Akaacha cherehani, jambo ambalo hakulifanya hata mgeni akibisha hodi, akaenda kuweka kidole kwenye kioo. "Umeona kilivyoinuka? Hakikulalia kitambaa. Kimezungushiwa uzi chini yake kama shingo, ili kikiingia kwenye tundu pindo la juu lisivute. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Haya niambie, nani melini anajua kushona?"

"Watu wengi."

"Nani? Tumeishi nao humu sebuleni kuliko ndugu zetu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika sindano. Ila yule mkewe. Tulimwona mwanzoni kabisa akipinda pazia."

Hiyo ndiyo ilikuwa nadharia yake: mke wa nahodha yu hai, anatoka mumewe akilala, anamshonea, anarudi.

"Arudi kwa nini?" Fundi aliuliza.

"Ana sababu zake. Mke haelezi kila kitu."

"Kwenye baridi ile?"

"Wewe mzee wa kanisa," mkewe alisema, akirudi kitini. "Lazaro kaburini siku nne, unaamini. Huyu kajifungia chumbani tu, hutaki."

"Lazaro hawakumweka kwenye jokofu."

Jibu hilo lilimfurahisha Fundi mno. Alilirudia kwa kila mteja aliyekuja juma lile, hata kwa wale wasioitazama tamthilia.

Waliendelea hivyo miaka, na waliendelea hata mkewe alipolazwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kuchagua upande. "Siku wakiufungua ule mlango," mkewe alimwambia jioni moja, sauti imeshapungua, "utakuja kuniomba radhi."

"Siku wakiufungua utashika kichwa," Fundi alisema.

Mkewe alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Fundi alirudi nyumbani akiwa amejawa na raha ya mtu aliyejibu vizuri. Hakujua kwamba amejibu kwa mara ya mwisho.

Kwenye mazishi alisimama akatangaza kwamba hataoa tena. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Baada ya hapo aliishi kama majokofu yake mengi: taa ya ndani inawaka, lakini baridi haishiki. Koti lake la kazi lilikatika kifungo, akalifunga kwa kipande cha waya wa shaba, akakaza kwa koleo. Binti yake, karani wa zahanati aliyekuwa anakuja kumwangalia kila mwisho wa juma, alijitolea kukishona. Fundi akasema waya unatosha, ni imara kuliko uzi. Cherehani ikafunikwa shuka na kubaki pale pale, ikiitazama televisheni.

Ndipo Kinyozi alipoingia karakana asubuhi moja, simu mkononi, taulo bado begani.

"Mzee Barafu, kaa kwanza. Wamerudi."

"Akina nani?"

"Wa *Meli Isiyotua*. Wametengeneza kipindi kimoja cha mwisho. Jumapili ijayo, alasiri, kwenye televisheni. Wanaufungua mlango." Kinyozi alikuwa anatabasamu masikio kwa masikio. "Andaa hotuba ya ushindi, mzee. Mimi nimeshakata tamaa na ndoto yangu, watu wote mtandaoni wanasema ni baridi iliyomuua. Wewe ndiye bingwa."

Fundi alicheka kwa meno tu. Kinyozi alipoondoka akakaa kwenye kreti, katikati ya milango yake, na kujipa dakika ya kufurahi. Furaha haikuja. Aliisubiri kama mtu anayesubiri mota iwake, akasikia ukimya.

Kumbe hakutaka kushinda. Mlango ukifunguliwa, na yule mwanamke akakutwa amekufa, mkewe atakuwa amekosea, na hatakuwa na mdomo wa kujitetea. Ubishi utafungwa. Na ubishi ule ndio kitu pekee cha mkewe kilichokuwa bado kinatembea nyumbani mle. Vingine vyote vilikuwa chini ya shuka.

Fundi alipiga magoti kati ya jokofu la bucha na jokofu la duka la soda.

"Ee Mungu," alisema, "wewe unajua mambo yote, hata ya kipuuzi. Naomba nishindwe. Naomba yule mama awe mzima."

Akanyanyuka. Akakumbuka kwamba kipindi kimeshapigwa picha zamani, kiko tayari kwenye makabati ya watu, na hakuna kitu kitakachobadilika kwa maombi ya leo. Akabishana na hilo pia. Mungu hafungwi na wakati, alijiambia; anaweza kulisikia ombi la leo akalijibu mwaka jana. Akapiga magoti tena, akaongeza kipengele hicho.

Lakini jambo lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba, Alhamisi, Mchungaji alipouliza nani ana hitaji, Fundi alisimama.

"Nina jambo la siri," alisema. "Kuna neno nililishikilia kwa miaka mingi mbele za watu, tena kwa kiburi. Sasa naomba ionekane nilikosea. Mniombee kabla ya Jumapili."

Watu wakaanza kufikiri kwa nguvu. Neno gani alilishikilia Fundi mbele za watu? Wote walikuwapo kwenye mazishi. Wote walimsikia akiapa kwamba hataoa tena. Akina mama wakatazamana. Mmoja akaitikia "Amina" kwa uchangamfu usio wa kawaida.

Kesho yake wakafunga kwa ajili yake, na Jumamosi asubuhi shemeji yake alikuwa mlangoni. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mama mwenye biashara ya vyombo vya plastiki, na hakuwahi kubisha hodi mara mbili. Alipita karakana, akaingia sebuleni, akatazama huku na huku, akainua hata pembe ya shuka iliyofunika cherehani, kama anayetafuta viatu vya mwanamke.

"Shemeji, karibu kiti," Fundi alisema.

"Nitakaa nikishajua nakaa kwenye kiti cha nani." Akamkazia macho. "Ni yule muuza dawa wa kona?"

"Yule muuza dawa kafanya nini?"

"Usinizungushe. Sisemi usioe. Wewe ni mtu mzima, na dada yangu amepumzika. Ila ungetuambia sisi kwanza, kabla ya kanisa. Kundi zima la akina mama limefunga jana. Mimi mwenyewe nina vidonda vya tumbo na nimefunga."

Fundi aliona njia mbili mbele yake: kukubali kwamba anataka kumwoa muuza dawa, au kusema ukweli. Kwa muda kidogo alifikiria kwa dhati ipi ina aibu nafuu.

"Shemeji," alisema hatimaye, "ni kuhusu televisheni."

Akaeleza. Alieleza barafu, alieleza mlango, alieleza kifungo. Alipofika kwa Lazaro kwenye jokofu sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka kunong'ona. Shemeji alisikiliza bila kupepesa.

"Nirudie nielewe," alisema. "Wamama wamefunga, Mchungaji amekesha na jina lako midomoni, kwa ajili ya mwanamke wa kwenye televisheni."

"Ndiyo."

"Ambaye hayupo."

"Hayupo."

"Na wewe ndiye unayetukusanyia sadaka."

Shemeji akakaa kitini. Alianza kucheka, mabega kwanza, kisha mwili mzima, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na kufuta kukaendelea hata kicheko kilipokwisha.

"Na dada alisema yu hai?" aliuliza baadaye.

"Alisema yu hai."

"Basi kesho nakuja kutazama. Siwezi kumwacha dada peke yake na watu wa baridi."

Jumapili baada ya ibada walikaa sebuleni: Fundi, binti yake, Shemeji, na Kinyozi aliyefunga duka lake mapema. Fundi alivaa koti lake la kazi juu ya shati la kanisani. Binti yake alipomuuliza kwa nini, alisema anahisi baridi, ingawa ilikuwa siku ya joto. Televisheni ilikuwa ile ile, kuukuu, ambayo Fundi aliifungua na kuifunga mara nyingi hata ikabaki na skrubu pungufu kuliko ilizozaliwa nazo.

Kipindi kilikwenda taratibu kama mgonjwa. Nahodha amezeeka. Anatembea ukumbini. Anafika mlangoni. Fundi aligundua kwamba ameshika mkono wa kiti kwa nguvu, na kwamba anasema "Bwana, Bwana" chini ya pumzi, mzee mzima, mbele ya tangazo la sabuni ya kufulia, maana walikatiza hapo hapo.

Tangazo likaisha. Mlango ukafunguka. Ukungu mweupe ukamwagika sakafuni, ukungu ule ule ambao Fundi aliuona kila siku akifungua jokofu la bucha. Ndani, mke wa nahodha alikuwa amelala ubavu, barafu kwenye nyusi, mkono chini ya shavu. Alikufa siku ile ile alipoingia. Maandishi ya tafsiri yakasema hivyo waziwazi, kwa herufi nyeupe.

"Mzee Barafu," Kinyozi alisimama akampa mkono. "Mpira wa mlango. Ulisema mpira wa mlango, na nahodha mwenyewe kasema baridi ilikuwa inavuja. Nakuvulia kofia. Mtaani hapa ni wewe peke yako ulijua."

Fundi hakuushika ule mkono. Alikuwa anatazama mahali ambapo mkewe angekuwa amekaa, mguu kwenye kanyagio, akitafuta la kusema. Na ilikuwa kama hapati. Hilo ndilo hakuweza kuvumilia kuliona likitokea: mke wake, akitafuta la kusema, asipate.

"Na kifungo?" alisema Fundi.

"Kifungo gani?"

"Kifungo cha tatu. Kilikatika, kikarudi. Kama huyu alikufa siku ile, nani alikishona?"

"Mzee, kipindi kimekwisha. Umeshinda."

"Sijauliza nani kashinda. Nimeuliza nani kashona." Fundi alikuwa amesimama sasa. "Melini hakuna mwingine anayejua sindano, na kifungo kimeinuka, kimezungushiwa uzi shingoni. Wameeleza barafu, mlango, mpaka mpira. Kifungo wamekiruka. Mtu akiruka kitu, ujue kinamuuma."

"Mwambie, Shemeji," Shemeji alisema kutoka kitini kwake.

Kinyozi aliwatazama wote wawili, akaona amezidiwa, akakaa.

Aliyejibu alikuwa binti. Alisema polepole, kama anavyowaambia watu majibu ya vipimo. "Baba, labda nahodha alijishonea mwenyewe. Mtu akiondokewa na mkewe, anajifunza."

Wote walitazama waya wa shaba kwenye koti la Fundi. Hakuna aliyetaka kuutazama, lakini macho hayana adabu.

"Hajifunzi," Fundi alisema.

"Anaweza kujifunza, Baba."

"Vile? Na shingo ya uzi?" Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ubishi Fundi hakuwa na hakika, na hakutaka kujidai anayo. "Tutaona," alisema.

Jumatatu asubuhi hakufungua karakana kwa wakati. Aliondoa shuka kwenye cherehani, akavuta droo, akatoa sindano na kibunda cha uzi mweusi na kifungo kutoka kwenye kopo la mkewe. Alikaa kwenye kiti cha mkewe, ambacho kilikuwa kifupi kwa miguu yake. Mtu anayeweza kuunganisha bomba jembamba la gesi bila kuvuja hata kidogo alishindwa kupitisha uzi kwenye tundu. Aliulamba, akaupasua, akatumia miwani, akatumia miwani ambayo binti yake aliisahau jana. Alipoupitisha akasahau kufunga fundo, na uzi wote ukapita kitambaani ukatoka upande wa pili kama mgeni asiyekaribishwa. Akajichoma kidole, akasema neno ambalo mzee wa kanisa hulisema moyoni. Akakumbuka ile shingo, akauzungusha uzi chini ya kifungo mara kadhaa, akavuta, na kifungo kikazama kitambaani kama kidonda kilichoponea vibaya.

Alikikata. Akarudia. Mteja wa jokofu la bucha alikuja, akamkuta, akaondoka kimyakimya bila kuuliza habari za nyama yake.

Ilipokuwa karibu adhuhuri kifungo kilikuwa kimekaa. Kilikuwa kimepinda, kimevuta koti upande mmoja, na kilizungukwa na nyuzi kama kiota cha ndege mvivu. Fundi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama mbele na nyuma. Kisha akaanza kucheka peke yake, kicheko cha sauti ambacho hakuwahi kukicheka tangu mazishi, kwa sababu alikuwa amejaribu kwa moyo wake wote, tena kwa vifaa vya mkewe, na imeshindikana. Mgane hawezi kushona vile, basi nahodha hakujishonea. Sasa lilikuwa jambo lililothibitishwa.

Alhamisi alikwenda kwenye maombi akiwa amevaa koti hilo. Akina mama walimtazama kwa hamu, kisha wakatazama nyuma yake kuona kama muuza dawa amekuja naye. Shemeji, aliyeahidi kuwaeleza, alikuwa hajaeleza. Alikuwa anafurahia.

"Mzee wetu," Mchungaji alisema, "lile jambo ulilotuomba. Jibu limekuja?"

"Limekuja, Mchungaji."

"Mungu amesikia?"

"Amesikia, akakataa. Nimekata rufaa."

Mchungaji alikohoa kidogo. "Kwa nani?"

"Kwa huyo huyo," Fundi alisema. "Na safari hii nimekuja na ushahidi." Akashika koti lake hapo kifuani, akalivuta mbele ili waone.

Walioona hawakuelewa, lakini waliinamisha vichwa kwa heshima, na wengine wakasema amina. Shemeji ndiye aliyeinama karibu yake wakati wa wimbo, macho kwenye kile kifungo.

"Shemeji, hicho ni kitu gani? Nivulie nikushonee vizuri, unatuaibisha."

"Kiache," Fundi alinong'ona. "Usikiguse kabisa. Hicho ndicho kinachomtetea dada yako."

Akaendelea kuimba, sauti ya juu kidogo kuliko wenzake, kama ilivyokuwa kawaida yake.